Mbegu Zilizopikwa

Ukimwuliza jirani wa upande wa kushoto, yule ambaye mtaa mzima humwita Taarifa kwa sababu habari hailali kwake hata usiku mmoja, atakuambia kwamba siku ile mama mkwe alimfukuza mkaza mwana wake kwa jembe. Atakuambia aliona kwa macho yake mawili. Binti alitoka mbio kwa mlango wa jikoni, miguu peku, machozi yanamtiririka, nyuma yake mkwewe, jembe mkononi, anahema, wakaja moja kwa moja hadi kwenye banda lake la sungura, "na lau si mimi kusimama katikati, mwenzangu, leo tungekuwa tunaongea mengine." Kila akisimulia, jembe linarefuka. Mara ya kwanza lilikuwa jembe la kawaida. Hivi sasa limeshakuwa jembe la mpini mrefu, lenye kutu, lililoinuliwa juu ya kichwa.

Jembe lilikuwapo, hilo hatumnyimi. Binti alilia, nalo ni kweli. Lakini Taarifa aliona mkia wa jambo, akaushonea kichwa chake mwenyewe.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu, na nyuma yake ua wenye bustani ndogo ya mboga ambayo mtu angeizunguka kwa hatua thelathini. Mwenye nyumba alikuwa mama mkwe, fundi cherehani anayeshona sare za shule. Sebuleni kwake kulijaa majora ya kitambaa cha buluu, na cherehani ilitazama dirisha. Marehemu mumewe alikuwa fundi saa. Mtoto wao mmoja tu, wa kiume, aliendesha greda kwenye kambi ya barabara, mbali, huko ambako wafanyakazi hulala wanane katika hema moja. Alipooa alimleta mkewe kwa mama yake akasema, "Miezi miwili tu. Nikipata chumba nakuja kumchukua." Sasa ulikuwa mwezi wa nne, na mkaza mwana bado alikuwa akinywea chai kikombe cha wageni, kile chenye maua na sahani yake.

Kikombe hicho kilimchoma kuliko chai iliyomo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye siku ya mia na ushee hajapewa hata ufagio bila kuugombea. Akiinuka kuchota maji, "Acha, bi harusi, utachoka." Akishika reki, "Acha, bi harusi, utachafuka." Mama mkwe hakuwa mkali. Mkali angekuwa afadhali. Mkali unajua pa kumkwepa. Huyu alikuwa mpole kama nguo iliyopigwa pasi, na kila jioni alikwenda bustanini peke yake, akarudi peke yake, akanawa, akaketi. Jikoni tu ndiko binti alikoachiwa, basi huko akajitia mzima mzima.

Siku yenyewe mama mkwe alikuwa uani tangu asubuhi. Mkaza mwana akaingia chumba cha nyuma kufuta vumbi, kile chumba cha marehemu, ambacho watu wa nyumba ile walikuwa wakikipita tu. Dirishani akakuta trei mbili ndogo za mayai, kila moja ya vishimo kumi na viwili. Kila kishimo kilikuwa na kiazi, kimesimama wima kama mtu aliye kwenye foleni, na kichwani mwa kila kiazi vimeota vichipukizi vifupi, vinene, vya zambarau.

Binti alishika kiuno. Kwao alifundishwa kwamba kiazi kilichoota ni aibu ya jikoni: ama kimesahauliwa, ama mwenye nyumba ni mvivu. Mvivu mkwewe hakuwa. "Maskini," akasema moyoni, "amevisahau. Ni utu uzima huo." Na papo hapo akaona mlango umemfungukia. Ataviokoa kabla havijaoza, atavipika vizuri, na mkwewe ataona kwamba amepata mtu, si mgeni.

Alivunja vichipukizi kimoja kimoja. Akamenya, tena akamenya kwa unene, kwa sababu mama yake alimwonya kwamba kiazi kilichopigwa na mwanga usikionee huruma, kata mpaka rangi ya kijani iishe. Akachemsha, akakaanga kitunguu na nyanya, akachanganya. Maganda na vichipukizi akavitia kwenye ndoo, akavipeleka kwa Taarifa kwa ajili ya sungura, kama walivyozoea kila siku. Akarudi akaandaa meza.

Mama mkwe aliingia, akanawa hadi viwikoni, akaketi. Alipotia tonge la kwanza mdomoni, taya likasimama. Kisha akatafuna polepole sana, kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili. Akaweka kijiko chini. Akainuka, akaenda chumba cha nyuma, akakaa huko kitambo cha kuhesabu mpaka ishirini. Akarudi, akaketi tena, akala sahani yote mpaka akaikomba.

"Umepika vizuri, bi harusi," akasema. Akatoka kwenda uani.

Mkaza mwana aliosha vyombo huku akiimba. Miezi minne hajawahi kuona sahani ya mkwewe ikikombwa namna ile. Akajaza maji kwenye gilasi, akampelekea bustanini, kitu ambacho jana asingethubutu.

Alimkuta mama mkwe amesimama na jembe, hafanyi chochote. Mbele yake kulikuwa na mistari miwili iliyonyooshwa kwa uzi, na kwenye kila mstari mashimo, na ndani ya kila shimo konzi moja ya samadi ya zamani. Mashimo yote wazi, yanangoja.

"Mama, unapanda nini leo?"

"Nilikuwa nipande viazi vya baba yenu."

"Viko wapi nikuletee?"

Mama mkwe akajigusa tumbo. "Hivi vimeshafika. Vingine viko kwako." Akacheka, kicheko kidogo kisichotoka nje.

Gilasi haikuanguka, lakini maji yalimwagika nusu. Binti alitazama mashimo, akayahesabu bila kutaka kuyahesabu. Yalikuwa sawa na vishimo vya trei mbili.

Basi akaambiwa. Viazi vile vilikuwa vya mapema, vya siku sabini tu, wakati vingine huchukua miezi minne. Fundi saa alivipata zamani, konzi moja, kutoka kwa mteja aliyehama. Miaka ishirini na miwili akawa anavipanda, vinaliwa nusu na kuachwa nusu shinani mpaka majani yakauke, ile nusu ndiyo mbegu ya msimu ujao. Kabla ya kupanda huvisimamisha kwenye trei za mayai, macho juu, penye mwanga na ubaridi, majuma manne au matano, viamke vikiwa nyumbani ili vikiingia ardhini visipoteze siku. Watu wakimtania kwamba haraka haraka haina baraka, yeye hujibu, "Ya saa zenu ndiyo haina. Ya viazi vyangu inayo." Na wakimwambia mvumilivu hula mbivu, anasema, "Aleni mbivu nyinyi. Mimi nala changa." Tangu alipofariki, mkewe alivipanda peke yake misimu mitatu. Msimu uliopita mvua ilizidi, vikaoza vingi. Vilivyobaki ndivyo vilikuwa kwenye trei. Akiba nyingine hapakuwa, si hapa wala popote walipojua.

"Kwa nini hukuniambia?" Binti alikuwa ameanza kulia. "Tumekula vyote, mama, nawe ukanyamaza!"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa umeshapika. Maji yakimwagika hayazoleki." Mama mkwe alitazama mpini wa jembe. "Halafu ulikaa pale unanitazama, kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule nyumbani. Mtoto kama huyo unamwambiaje?"

Mkaza mwana aliketi chini palepale, juu ya udongo. Alikuwa mtu wa kuangalia vitu taratibu. Hakusoma sana, darasa la saba basi, lakini kitu akikiona hakimtoki. Na katika kulia kwake akaona moyoni shimo la taka la kwao, nyuma ya choo, na lile shina la kiazi lililoota pale mwaka mmoja, limejaa majani, wakati hakuna aliyepanda kitu. Kaka yake aling'oa wakaona: kule chini kulikuwa na ganda, ganda tupu limenyauka, na pembeni yake viazi vinne.

"Maganda!" akasema.

"Nini?"

"Maganda, mama! Nimewapa sungura!"

Akaondoka mbio, viatu akaviacha. Mama mkwe akamfuata na jembe lake, maana mtu aliyeshtuka hakumbuki kutua alichoshika. Hapo ndipo Taarifa alipoanza kuona.

"Sungura wamekula?" binti aliuliza akiwa bado langoni.

"Wamekula nini? Hodi hakuna, salamu hakuna..."

"Maganda!"

"Ah, maganda wamekula tangu saa ile. Mnataka kuyarudisha?" Taarifa akaweka mikono kiunoni. "Cha sungura hakirudi, mwanangu. Kinatoka, lakini si kile kile."

Mama mkwe alikuwa ameshapiga magoti mbele ya banda, anachungulia. Sungura mkubwa mweupe alikuwa ameketi kwenye kona na ganda mdomoni. Mama mkwe akaingiza mkono, akalichomoa, akalifuta kwenye gauni lake, akalitazama juani. Lilikuwa na jicho moja, na juu yake nyama ya unene wa kidole.

"Lipo," akasema kwa sauti ndogo.

"Mengi wameyaacha," alisema Taarifa, ambaye sasa alikuwa haelewi kitu na anateseka. "Huyu binti yako anamenya kama anachonga mwiko. Ganda lake mlo kamili, sungura wenyewe wameshiba katikati. Na yale mapembe ya zambarau nimeyatupa pale kwenye bomba. Yale nikiwapa, matumbo yanawavimba kama ngoma."

Vichipukizi vyote vilikuwa pale, juu ya gazeti bovu, chini ya bomba linalodondoka. Havikuwa vimenyauka. Binti alivikusanya kwenye pindo la gauni, kimoja kimoja, kama mtu anayeokota shanga za mwenyewe. Arobaini na vitatu. Maganda yenye macho wakapata kumi na moja.

"Haya nyie," Taarifa akauliza, "mmegombana?"

"Hatujagombana," akasema mama mkwe.

"Basi hilo jembe la nini?"

Mama mkwe akautazama mkono wake kana kwamba jembe limewekwa na mtu mwingine. Hakujibu, na pengo hilo ndilo Taarifa alilojaza kwa mikono yake hadi leo.

Walirudi bustanini. Mama mkwe akasimama kwenye mashimo yake yaliyopimwa kwa uzi, akatikisa kichwa. "Mimi najua kiazi kizima. Haya ya makombo siyajui. Wewe unayajua?"

"Niliona tu, kwetu. Kwenye taka."

"Aliyeona ndiye anayejua. Ongoza basi." Na akamkabidhi jembe.

Siku ya tatu ya wahenga ilikuwa imefika, ingawa ilichelewa kidogo.

Binti aliyafukia mashimo nusu, kwa sababu kichipukizi kisicho na kiazi chini yake hakina chakula cha safari ndefu. Kikizikwa kina kirefu kitafia njiani. Vichipukizi akavilaza viwili viwili, ncha juu, udongo mwembamba. Maganda jicho juu. Akamwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu, matone tu. Mama mkwe alimfuata nyuma kwa magoti akibana udongo kwa vidole viwili, wakafanya kazi mpaka jua lilipopungua.

Jumapili simu ikalia. Mwana wa nyumba alikuwa na desturi ya kuuliza afya, kisha hali ya hewa, kisha bustani.

"Mama, mbegu za baba zimeingia ardhini?"

Mkaza mwana alikuwa ameketi mkabala.

"Zimeingia," akasema mama mkwe.

"Zote?"

"Zote tulizokuwa nazo."

"Basi likizo yangu nitazikuta changa. Nimeota nazila, mama, wallahi. Huku tunakula mchele wa mchanga mpaka tumbo limekuwa barabara."

Alipopewa simu yeye, mkaza mwana alifungua mdomo kukiri, lakini mkwewe akamwinulia kidole. Simu ilipokatwa akasema, "Zikiota, utamwambia wewe. Zisipoota, nitamwambia mimi. Usinipokonye kazi yangu."

Tangu hapo binti hakulala vizuri, wala hakutaka. Asubuhi, kabla ya moshi wa chai, alikuwa amechutama bustanini. Siku ya tano, udongo mtupu. Siku ya nane, udongo mtupu na chungu wawili. Siku ya kumi akatamani kufukua kidogo aone. Akakunja vidole ndani ya kiganja, akaondoka. Siku ya kumi na mbili aliona ufa. Si jani, ufa tu, kama ukoko wa mkate ulioinuliwa na kitu chini. Akalala kifudifudi juu ya udongo, shavu chini, akatazama ndani ya ufa ule kwa jicho moja. Kijani. Mkunjo wa kijani usiozidi kucha.

Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akamkuta mkwewe anatia uzi kwenye sindano, akamwambia, "Mama, njoo." Mama mkwe alipouona ule mkunjo aliketi kitako na kujifunika uso kwa viganja, akakaa hivyo. Binti akaondoka kwenda kuchemsha chai ili amwache na marehemu wake.

Yaliota mashina ishirini na moja. Mengine yalioza, mengine yalichungulia na kunyauka. Kati ya maganda kumi na moja yalifaulu matatu. Yaliyoota yalikuwa membamba, ya kuhurumiwa, si kama yale ya fundi saa yaliyotoka ardhini kama ngumi. Kila shina mkaza mwana alilijua. Lile la mwisho karibu na ukuta alikuwa amelipa jina la Sungura, kwa sababu ndilo lile ganda lililochomolewa mdomoni.

Ikaja baridi. Jioni moja anga likawa jeupe, upepo ukakatika, na mama mkwe akatoka mlangoni akanusa. "Hii ya leo inaunguza majani," akasema. Magunia yalikuwa mawili tu. Akasimama kidogo, kisha akaingia sebuleni akatoka na jora zima la kitambaa cha sare, jipya, halijakatwa. Binti akasema, "Mama, kitambaa cha watu!" Mama mkwe akasema, "Kitafuliwa. Shika huko." Wakakitandaza juu ya vijiti, mstari mzima wa buluu.

Asubuhi Taarifa alikuwa ukutani kabla ya jogoo kumaliza. "Majirani! Viazi vyenu vimeandikishwa shule?"

"Darasa la kwanza," akajibu mkaza mwana.

"Wafundisheni na heshima, maana mama yao mwenye jembe namjua!"

Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. Miezi ile yote binti hakujua kwamba mkwewe alikuwa na pengo kwenye meno ya juu.

Mashina yalipofika kimo cha magoti waliyapandishia udongo, mara moja, kisha mara ya pili, ili viazi visione jua. Kazi hiyo mama mkwe aliianza kwa mikono, akaiacha katikati. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba, vigumu. "Hivi vimefunga vifungo vya nusu ya mji," akasema. "Sasa vinanidai mapumziko." Binti akamaliza mistari yote miwili, na hakuna aliyemwambia atachafuka.

Yalipochanua, mama mkwe alimfundisha kuchokonoa. Viazi vya mapema, ukijua kazi, huling'oi shina. Unaingiza mkono pembeni ya tuta, taratibu, vidole vimelegea. Unafuata mzizi. Ukigusa kitu, unakipima bila kukiona: kama ni kidogo kuliko yai, unakiacha; kama ni yai au zaidi, unakizungusha mara moja, kinakatika. Unarudisha udongo, unaubana, shina halijui kama limeibiwa.

"Baba yenu alikuwa akisema ni kama kufungua saa inayotembea," akasema mama mkwe. "Mimi siwezi tena, vidole vimekufa ganzi, vinaniambia jiwe ni kiazi. Ingiza wewe."

Mkaza mwana akaingiza mkono mpaka kifundo. Udongo ulikuwa na joto juu na ubaridi chini. Akafuata, akafuata, akafumba macho. Kikaja: laini, duara, kimejificha.

"Mama, kipo."

"Kikubwa?"

"Kama yai la kuku mchanga."

"Kiache, mwanangu. Kiache kikue."

Mwenye likizo alifika wiki iliyofuata, mweusi kwa jua, ndevu zina vumbi la lami, anacheka kabla ya kufika mlangoni. Begi hakulitua. "Nimepata chumba!" akasema. "Kina dirisha, kina mlango wake, hakuna kupitia kwa mtu. Nimelipia. Tunaondoka pamoja Jumamosi."

Mama mkwe akasema, "Mungu mkubwa." Akaenda kumletea maji ya kunawa.

Mkaza mwana alicheka pia, kwa kuwa miezi yote ile alilala akikiomba chumba hicho. Lakini jioni, akiwa bustanini, alijikuta anayahesabu mashina ishirini na moja kuanzia mwanzo, kana kwamba mtu amemwambia limepotea moja.

Siku iliyofuata wakaandaa chakula cha mchana. Mama mkwe alikuwa ameamua: vitachokonolewa vitatu tu, kimoja kwa kila mtu, vilivyobaki viachwe mpaka majani yakauke, viwe mbegu. Vilichemshwa na maganda yao, maganda membamba yanayotoka kwa kusuguliwa na kidole gumba. Chumvi, basi.

Mwana akatazama sahani. "Kimoja? Mama, baba alikuwa ananijazia bakuli!"

Mkaza mwana aliweka mikono mapajani. "Ni mimi," akasema. "Nilizipika mbegu. Zilikuwa dirishani kwenye trei, nikadhani zimesahauliwa. Nikazipika zote. Tulizila mchana mmoja mimi na mama. Hizi zimetoka kwenye maganda."

Kijiko cha mume kilisimama. Alimtazama mkewe, akamtazama mama yake, akatazama kile kiazi kimoja. Alikuwa anafanana na baba yake akinyamaza. Mama mkwe aliliona hilo akainamisha macho. Saa ya ukutani, ambayo marehemu aliitengeneza kwa mkono wake, ikapiga mara kadhaa.

"Zilikuwa tamu?" akauliza mwana hatimaye.

"Ziliiva vizuri sana," akasema mama yake. "Na kitunguu. Sikuwahi kuzila nyingi hivyo maishani mwangu, baba yako alikuwa mchoyo."

Akaanza kucheka yeye kwanza, halafu mwana, mpaka mwana akafuta macho kwa mkono, na haikujulikana anafuta nini. Kisha akakimega kile kiazi, akala kipande, akala cha pili, akafumba macho. "Ndicho chenyewe," akasema. Nusu iliyobaki akaisukuma kwenye sahani ya mkewe.

Jumamosi asubuhi begi la mkaza mwana lilikuwa mlangoni, limefungwa. Mumewe alikuwa amekwenda kuaga kwa Taarifa, na kwa sauti iliyosikika juu ya ukuta ilikuwa dhahiri anasimuliwa habari ya jembe, tena kwa vitendo. Mkaza mwana alikuwa amepiga magoti bustanini, mkono ndani ya tuta la Sungura, anapima kwa mara ya mwisho ili amwachie mkwewe maelezo.

"Hili lina vinne, mama. Viwili vimefika. Usiliguse mpaka majani yakauke kabisa, wiki nne hivi. Lile la tatu kutoka mwisho ndilo lenye vingi."

Mama mkwe alikuwa amechutama kando yake, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. "Nani atanichagulia? Mimi vidole vyangu unavijua."

"Taarifa atakusaidia kuchimba."

"Taarifa atachimba huku anatangaza."

Wakacheka kidogo. Kicheko kikaisha, na hakuna aliyeinuka. Upande wa pili wa ukuta mume alisikika akimwambia Taarifa, "Haya mama, tutachelewa gari."

"Kuchimba naweza mwenyewe," akasema mama mkwe. Alikuwa hamtazami, alikuwa anang'oa jani moja la magugu ambalo halikuwa hata limekua. "Misimu mitatu nimechimba peke yangu, sikufa. Sikuombi unichimbie. Naomba ukae. Si milele. Chumba hakikimbii, na yeye mwanangu namjua, atanuna siku mbili. Kaa msimu mmoja, mwanangu, uzisimamishe wewe, uzipande wewe, halafu uende kwako na za kwako kwenye mfuko. Utakaa?"

Lango lilifunguliwa. Hatua za mume zikaja kwenye kokoto, haraka, za mtu mwenye furaha.

Mkaza mwana hakuutoa mkono. Chini kule vidole vyake vilikuwa vimefika kwenye kiazi cha tano, ambacho hakukihesabu mwanzo, kidogo sana, cha ukubwa wa kifungo cha shati, na alikuwa amekizungushia udongo taratibu, anaubana.